JEEP YA BURMA: SOMO LA KUUNDA, KUPAKA RANGI NA KUCHAKAZA MFANO MDOGO WA GARI LA VITA

Watu wengi waonapo mfano mdogo wa gari la vita juu ya meza hudhani kuwa ni kitu cha kuchezea watoto tu. Lakini mfano uliotengenezwa kwa uangalifu ni kama hati: humwonyesha mtazamaji umbo la gari, kazi liliyoifanya, na nchi liliyopita. Na kama hati yo yote, mfano huweza kusema kweli, tena huweza kusema uwongo. Somo hili laeleza jinsi fundi awezavyo kutengeneza mfano usemao kweli.

Gari lililochaguliwa kwa somo hili ni Jeep, ambalo viwanda vya Willys na Ford vya Marekani viliunda zaidi ya 600,000 kati ya mwaka 1941 na 1945. Limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, umbo lake ni rahisi, na anayeanza kujifunza hawezi kupotea. Pili, ni gari walilolijua askari wa Afrika ya Mashariki. Katika mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, iliteremka Bonde la Kabaw katika nchi ya Burma, ambayo sasa huitwa Myanmar, ikiwafukuza askari wa Japani. Humo walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Waliondoka Tamu mwezi wa Agosti, katikati ya mvua za monsuni, wakafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwanzo wa Desemba. Njia yote ilikuwa tope. Magari yalizama, watu wakayavuta kwa kamba, na mara nyingi chakula kiliangushwa kutoka kwenye ndege kwa miavuli. Mfano wa Jeep ya safari hiyo ndio utakaoelezwa hapa.

VIPIMO

Jeep ya kweli ilikuwa na urefu wa sentimeta 337 hivi na upana wa sentimeta 157. Kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ilikuwa sentimeta 203, na kimo cha gurudumu pamoja na tairi yake kilikaribia sentimeta 71.

Mifano mingi ya plastiki iuzwayo madukani, kama ile ya kampuni ya Tamiya ya Japani, ni ya kipimo cha 1 kwa 35. Yaani kila sentimeta 35 za gari la kweli huwa sentimeta 1 ya mfano. Kwa kipimo hicho Jeep huwa na urefu wa sentimeta 9.6, upana wa sentimeta 4.5, na gurudumu lenye kimo cha sentimeta 2. Mtu asiyeweza kupata plastiki asikate tamaa. Aweza kutumia mti laini na bati la kopo, akafuata kipimo cha 1 kwa 12, ambacho ni inchi moja kwa kila futi. Hapo urefu utakuwa sentimeta 28, upana sentimeta 13, kutoka ekseli hadi ekseli sentimeta 17, na gurudumu sentimeta 6.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kipimo hakihusu bodi peke yake. Kinahusu kila kitu, hata uchafu. Kwa kipimo cha 1 kwa 35 mkwaruzo wenye upana wa sentimeta 1 hauzidi theluthi ya milimita, na bonge la tope lenye unene wa sentimeta 7 huwa milimita 2 tu. Mafundi wengi huunda gari kwa kipimo kimoja na kulipaka matope kwa kipimo kingine, nalo likaonekana kama limetumbukia katika uji.

KUUNDA

Vifaa vinavyohitajiwa ni kisu kidogo chenye makali, tupa ndogo, msasa laini, kibano, gundi ya plastiki na brashi mbili tatu. Kazi ifanyike karibu na dirisha lililo wazi, kwa kuwa harufu ya gundi na ya rangi hudhuru mapafu. Wala pasiwe na moto karibu, maana vitu hivyo huwaka upesi. Kisu kielekezwe mbali na vidole. Msasa utumike ukiwa na maji, ili unga wa plastiki usiruke hewani.

Kwanza, vipande vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikaachwa vikauke, kwani mafuta ya kiwandani huzuia rangi kushika. Kisha kila kipande kikatwe kwa kisu wala kisikonyolewe kwa mkono. Kibaki kishina kidogo, nacho kiondolewe kwa tupa na msasa. Kabla ya kutia gundi, vipande viunganishwe vikavu na kutazamwa kama vinaingiana. Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki yenyewe. Kwa hiyo tone dogo latosha, na tone kubwa huharibu.

Kazi ianze na chasisi, springi na ekseli. Kabla gundi haijakauka kabisa, chasisi iwekwe juu ya kioo pamoja na magurudumu yake ili ionekane kama yote manne yanagusa chini. Gari lenye gurudumu moja hewani haliwezi kumdanganya mtu. Baada ya chasisi huja bodi. Magurudumu, viti na usukani visitiwe gundi bado, maana ni rahisi kuvipaka rangi vikiwa peke yake.

Fundi wa hapa kwetu ahadhari na jambo moja: usukani wa Jeep ulikuwa upande wa kushoto, si wa kulia kama magari ya Kenya. Sepetu na shoka zilifungwa ubavuni, upande huo huo wa dereva. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti chake, na ili kulijaza ilibidi kiti kifunuliwe. Mambo hayo matatu yatafaa sana wakati wa kuchakaza.

KUPAKA RANGI

Rangi ya msingi, ya kijivu, hutangulia. Kazi yake ni kushika plastiki na kufichua makosa: ufa au alama ya tupa isiyoonekana kwanza huonekana mara rangi hiyo ikaukapo. Makosa yasawazishwe papo hapo, kwa sababu rangi ya juu haifichi kitu.

Jeep zilitoka kiwandani zikiwa na rangi ya kijani iliyofifia, inayoelekea hudhurungi, kama zeituni iliyokomaa. Rangi hiyo ikitiwa juu ya kitu kidogo huonekana nyeusi kuliko ilivyo juu ya kitu kikubwa. Kwa hiyo yafaa kuichanganya na rangi nyeupe ya maziwa, kidogo sana. Ipakwe mara mbili au tatu ikiwa nyepesi, kila mara ikingojwa ikauke, wala si mara moja ikiwa nzito. Rangi nzito huziba mistari na vichwa vya misumari, na kazi yote ya kuunda ikapotea.

Tairi zisipakwe rangi nyeusi kabisa. Mpira uliokwisha kutembea huwa wa kijivu cheusi. Alama na namba za kubandika hupendeza zaidi zikiwekwa juu ya vanishi yenye kung'aa, kisha zifunikwe kwa vanishi isiyong'aa. Tena zibandikwe zile tu zinazoonekana katika picha za magari ya mahali hapo na wakati huo. Nyota nzuri iliyobandikwa mahali pasipo nyota ni uwongo, hata kama imepakwa vizuri.

KUCHAKAZA

Hapa ndipo mfano unapopata uhai, na hapa ndipo wengi wanapouharibu. Kuchakaza ni kuonyesha athari za jua, mvua, vumbi, mikono na miguu. Kanuni ni moja: kila alama iwe na sababu. Kabla ya kushika brashi, fundi ajibu maswali matatu: Gari hili liko wapi? Huu ni mwezi gani? Nani anayelitumia?

Kazi ianze kwa rangi ya mafuta ya hudhurungi iliyozimuliwa kwa tapentaini mpaka ikawa kama chai ya rangi. Ipitishwe katika pembe, mistari na vichwa vya misumari. Baada ya nusu saa iliyozidi ifutwe kwa kitambaa, kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa mvua hainyeshi ubavuni. Rangi itakayobaki katika mifereji itayafanya maungo yote yaonekane.

Halafu mikwaruzo. Kipande cha sifongo kichovywe katika rangi ya chuma, kifutwe karatasini mpaka kikaribie kukauka, ndipo kiguswe gari kidogo kidogo. Lakini kiguswe wapi? Kwenye ukingo wa kushoto anapopandia dereva, maana buti lake hupita hapo mara nyingi kwa siku. Kwenye sakafu chini ya miguu. Kwenye vifungo vya boneti, na mahali sepetu inapochomolewa na kurudishwa. Katikati ya boneti, pasipoguswa na mtu, pasiwe na mkwaruzo ila kwa sababu. Karibu na kiti cha dereva yafaa doa dogo la petroli, lenye kung'aa, kwa maana tangi liko pale.

Kutu itumiwe kwa uchache. Bomba la moshi hupata kutu upesi kwa ajili ya moto na maji, basi lipakwe. Bali gari lililo kazini, lenye miaka miwili au mitatu tu, haliozi. Fundi apakaye kutu kila mahali anaonyesha gari lililotupwa, si gari la jeshi.

Mwisho huja matope. Udongo mkavu uchekechwe kwa kitambaa chepesi mpaka uwe unga, uchanganywe na gundi nyeupe na maji kidogo. Rangi yake ifuate picha za mahali penyewe. Udongo wa Murang'a ni mwekundu, lakini gari hili halikupita Murang'a.

Sasa swali la mwezi litapata faida yake. Kama ni Jeep ya Agosti 1944, matope yawe meusi na mabichi, yafike kwenye ekseli, yajae chini ya madigadi na kurushwa nyuma ya kila gurudumu; na juu yake ipakwe vanishi yenye kung'aa, kwa sababu maji hung'aa. Vumbi lisiwepo. Lakini kama ni Jeep iliyofika Kalewa mwezi wa Desemba, mvua zimekwisha: matope ya chini yawe yamekauka na kupauka, na juu ya boneti na viti litandazwe vumbi jepesi kwa brashi kavu. Matope mabichi na vumbi kavu visikae pamoja bila mpango, kwani hakuna siku iliyo na masika na kiangazi kwa wakati mmoja.

UCHAFU NA UTUNZAJI

Liko jambo ambalo vitabu vingi vya ufundi huu hulipitia haraka. Gari la vita lilikuwa chafu, lakini pia lilitunzwa. Dereva aliyeacha matope yakaushe taa zake hakuweza kuona usiku. Aliyesahau grisi na mafuta alibaki njiani, na wenzake pamoja naye. Kwa hiyo katika mfano wa kweli uchafu na utunzaji huonekana bega kwa bega. Madigadi yamejaa tope, lakini vioo vya taa vimefutwa. Kioo cha mbele kina vumbi, ila waipa, iliyovutwa kwa mkono, imechora nusu duara safi mbele ya macho ya dereva. Mpini wa sepetu umelainika na kupauka kwa viganja vilivyoushika kila siku gari lilipozama.

Alama hizi ndogo ndizo zenye maana kubwa kuliko zote, kwa kuwa zamwonyesha mtu ambaye hayumo katika mfano. Mfano unaong'aa kama wa dukani wasema kwamba njia ya Kabaw ilikuwa rahisi. Mfano ulioozeshwa kwa kutu wasema kwamba askari wale hawakujali kazi yao. Yote mawili si kweli. Wazee waliokwenda Burma wamebaki wachache mno, na vijana wengi hawatapata nafasi ya kuwauliza jambo lo lote. Basi yule atakayeutengeneza mfano huu ana wajibu kwao, hata kama hakuna mzee atakayekuja kuukagua.

Kazi ikiisha, mfano uwekwe juu ya ubao, na chini yake paandikwe kwa herufi za wazi: aina ya gari, kipimo, mahali, mwezi na mwaka. Ikiwa fundi hawezi kuandika mwezi, na arudi atazame matope yake upya.