Erdäpfel, das Cola na kitabu yangu: nani anaamua kosa ni lipi?

Anayetoka kwetu Lubumbashi kwenda kusoma isimu Vienna huelezwa mambo mengi kabla ya kupanda ndege. Huambiwa kuhusu viza, kuhusu baridi ya Januari, kuhusu Kijerumani cha kiwango cha C1 ambacho bila hicho masomo yenyewe hayaanzi. Jambo ambalo sikuambiwa na mtu, na ambalo naona linamhusu kila mwanafunzi wa kitivo chetu, ni kwamba huko nitageuka kuwa ushahidi. Katika somo la lugha za Kiafrika utaulizwa: kwenu sentensi hii inakubalika? Jibu lako litaandikwa ubaoni, pengine likitanguliwa na nyota. (Kwa walio mwaka wa kwanza: nyota ni alama ambayo wanaisimu huweka mbele ya sentensi isiyokubalika kisarufi.)

Swali hilo halitakukuta katika kila somo. Masomo ya Vienna hutajwa kwa herufi mbili. VO ni mhadhara: unakaa, unasikiliza, na mwisho unafanya mtihani katika mojawapo ya tarehe zilizopangwa. PS na SE ni semina: kuhudhuria ni lazima, alama zinakusanywa muhula mzima, na anayenyamaza anapoteza. Ni katika PS ndipo utakapoulizwa, na mwalimu atakuita Herr Kollege au Frau Kollegin, yaani mwenzangu, ndivyo walimu wa Austria wanavyowaita wanafunzi wao. Ni heshima nzuri. Lakini mwenzangu anayeombwa kutoa sentensi si sawa na mwenzangu anayeombwa kuzichambua, na tofauti hiyo inafaa uijue kabla hujafungua kinywa.

Tuchukue sentensi moja ya mji wetu: Kitabu yenye niliuza jana iko ku meza.

Kwa sikio la Dar es Salaam, sentensi hii ina makosa matatu na uongo mmoja. Ilitakiwa iwe nilichonunua, si yenye niliuza. Ilitakiwa iwe kiko, si iko. Ilitakiwa iwe mezani au kwenye meza, si ku meza. Uongo ni kitenzi chenyewe: huko kuuza ni kutoa mali na kupokea pesa, kwetu kuuza ni kununua, na anayetoa mali anauzisha. Mwanafunzi mwenzangu, Mwaustria aliyejifunza Kiswahili kwa vitabu vya Unguja, aliniuliza kwa adabu kabisa kama hivyo ndivyo wanavyosema watu wasiokwenda shule. Nilimjibu kwamba profesa wa kwetu akitoka darasani na kumpigia simu mke wake anasema hivyohivyo.

Tazama lakini jinsi sentensi hiyo ilivyo na utaratibu. Nomino imehifadhi kiambishi chake ki-, na kwa wingi tungesema bitabu. Upatanisho wa maneno mengine ndio uliobadilika: kwa vitu visivyo na uhai, Kiswahili cha Lubumbashi mara nyingi hutumia ya- na i-, bila kujali ngeli ya nomino. Kwa watu hatufanyi hivyo. Tunasema batu benye balikuya, batoto banaenda ku masomo, na hakuna mtu wa Kamalondo wala wa Kenya (mtaa wetu, si nchi) atakayesema batoto inaenda. Kwa hiyo mgawanyo wa ngeli haukufa. Umepangwa upya kwa kufuata uhai. Ongeza kiambishi -ak- cha mazoea katika anaendaka au anasemaka, ambacho sanifu ya pwani haina, na utaona kwamba kile kinachoitwa upungufu ni sarufi nyingine. Hadi hapa sijasema jipya. Walimu wetu wanatufundisha haya. Lililonishangaza mimi ni mahali nilipopata hoja ya kulitetea: sokoni Vienna, mbele ya viazi.

Viazi Ujerumani ni Kartoffeln. Vienna ni Erdäpfel. Nyanya Ujerumani ni Tomaten, Vienna ni Paradeiser. Januari ni Jänner, na Sessel, ambacho kwa Mjerumani wa Berlin ni kiti kikubwa cha kuegemea, Vienna ni kiti chochote cha kukalia. Utasema hiyo ni misamiati tu. Basi tuingie katika sarufi. Mjerumani wa kaskazini anasema ich habe gesessen, nilikaa, kwa kitenzi kisaidizi haben; Mwaustria anasema ich bin gesessen, kwa sein. Mjerumani anasema die Cola, kwa jinsia ya kike. Mwaustria anasema das Cola, na wengi wao husema pia das E-Mail. Jinsia ya Kijerumani ni ndugu wa ngeli zetu: inaamua umbo la maneno yanayoizunguka nomino. Das Cola dhidi ya die Cola ni jambo la aina moja na kitabu yangu dhidi ya kitabu changu. Nomino ni ileile, upatanisho ni tofauti, kwa sababu mji ni tofauti.

Na hakuna anayeweka nyota mbele ya das Cola. Kamusi ya Duden inaandika kwamba umbo fulani ni la Austria, basi. Austria ina kamusi yake, Österreichisches Wörterbuch, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1951 na inayotumika shuleni. Ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, mkataba ulikuwa na Itifaki namba 10, yenye maneno 23 ya vyakula ya Kiaustria yaliyopewa hadhi sawa na yale ya Ujerumani. Erdäpfel limo. Paradeiser limo. Taifa zima lilikaa mezani na mawaziri likatetea kiazi chake! Wanaisimu huita lugha ya namna hii plurizentrisch, lugha yenye vituo vingi: Ujerumani, Austria na Uswisi kila moja ina sanifu yake.

Sasa linganisha na sisi. Sanifu ya Kiswahili ilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilifanywa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji na haikuwa na kiti pale. Lubumbashi, mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ulikuwa tayari unazungumza. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili katika ibara ya kwanza pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba kama lugha za taifa, lakini haisemi ni Kiswahili kipi. Kwa hiyo mtoto wa Katanga akikutana na Kiswahili katika kitabu, anakutana na cha Unguja, na anaambiwa kwamba hicho ndicho bora na chake ni cha barabarani.

Nilipoleta hoja hii katika semina, nikitumaini kuwa nimeshinda, nilipewa pingamizi ambalo naliona zito, na nawasihi walimu wetu waliangalie. Nilikuwa nalinganisha vitu viwili visivyo vya ghorofa moja. Mtu wa Vienna ana lugha za ngazi tatu. Chini kuna Wienerisch, lahaja ya mji, ambayo mgeni mwenye C1 yake mkononi haelewi hata nusu. Juu yake kuna Kijerumani sanifu cha Austria, chenye Erdäpfel na bin gesessen. Pembeni kuna sanifu ya Ujerumani. Mwanafunzi wa Vienna haandiki mtihani kwa Wienerisch. Akiandika hivyo atasahihishwa kama sisi. Kiswahili cha Lubumbashi, waliniambia, ni Wienerisch yenu. Das Cola yenu iko wapi?

Nimelifikiria pingamizi hilo kwa miezi, na nadhani nusu yake ni kweli. Kweli ni kwamba kitabu yenye niliuza ni lugha ya nyumbani, ya soko na ya simu, na kwamba hata makala haya nimeyaandika kwa sanifu ya pwani, maana vinginevyo mhariri angenirudishia. Lakini pingamizi linadhani kwamba sisi hatuna ghorofa ya kati kwa sababu haipo. Mimi naona ipo, ila haijaandikwa. Msikilize msomaji wa habari wa Radio Okapi, au mhubiri anayejua kwamba mbele yake wamekaa wageni kutoka Bukavu na Kalemie. Hasemi kama sokoni, na hasemi kama Unguja. Anapunguza ba- anaongeza wa-, anaacha kuuza kwa maana ya kununua, lakini viunganishi, mpangilio wa maneno na misamiati mingi ya kazi za serikali vinabaki vya Kongo. Hicho ndicho Kiswahili chetu cha hadhara. Hakina kamusi, hakina kamati, wala itifaki.

Hapa ndipo swali la fomu linapoingia. Katika kazi nyingi za semina unaombwa ujaze karatasi ya mzungumzaji, na mstari wa kwanza ni Muttersprache, lugha ya mama, kwa umoja. Mama yangu alitulea kwa Kiluba, barabara ikatufunza Kiswahili, masomo yakatupa Kifaransa. Siku hizi wanaisimu wengi hupendelea Erstsprache, lugha ya kwanza, ila nalo linadai moja. Ushauri wangu kwa atakayekwenda: usijaze neno moja. Andika lugha, kisha andika ni wapi na kwa nani unaitumia. Ukiulizwa kama sentensi inakubalika, uliza nawe: inakubalika wapi? Sokoni, redioni, au katika insha? Hapo unaacha kuwa ushahidi tu, unakuwa Kollege kweli. Kwa uzoefu wangu, walimu hawachukizwi; semina za kule zinapenda mtu anayerekebisha swali.

Jambo la mwisho ni la maktaba. Mwaka 1981 Walter Schicho, mtaalamu wa Vienna, pamoja na Mbayabo Ndala, walitoa kitabu juu ya kundi la Mufwankolo, ambalo michezo yake wazazi wetu waliicheka wakiwa vijana. Mwaka uliofuata Schicho akachapisha Vienna Syntax des Swahili von Lubumbashi. Kichwa chenyewe kinajieleza: sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi, kwa Kijerumani. Yaani mmoja wa uchambuzi mkubwa wa sentensi tunazosema kila siku uko katika lugha ambayo ni wachache mno kati yetu wanaoisoma, na nusu yetu tunaandika mémoire juu ya Kiswahili bila kuufungua. Tunasoma Kijerumani, tunapokisoma, kwa ajili ya viza. Ningependa mtu akisome kwa ajili ya kitabu hiki pia, akiwa na shaka mkononi: zaidi ya miaka arobaini imepita, mji umekua, na baadhi ya sentensi huenda vijana wa leo wasizikubali.

Nimeanza kutafsiri sehemu za upatanisho kwa matumizi ya darasa letu. Kazi inakwenda polepole, na kinachonikwamisha zaidi ni istilahi, wala si ugumu wa Kijerumani: kila neno la kisarufi ninaloandika limetoka kwenye vitabu vya Dar es Salaam. Kwa kitabu yenye niliuza, istilahi hizo zinanilazimisha niseme kwamba kirejeshi kimekosa kupatana. Natafuta namna ya kusema kwamba kimepatana, kwa kanuni nyingine. Mwenye pendekezo anaweza kunipata katika chumba cha kusomea cha kitivo, siku za Alhamisi mchana.