Bustani Isiyokufa Kiangazi

Simama mlangoni kwako mwezi wa Septemba. Unaona nini? Vumbi tupu na mbuzi wanaotafuta jani la mwisho? Maji yako mbali. Ndoo moja ni ya kupikia na kunywa. Huwezi kuimwaga bustanini.

Dodoma mvua huanza Desemba na huisha Aprili. Miezi saba hupita bila mvua ya maana. Kwa hiyo panda mimea iliyozoea ukame.

Ua. Panda minyaa. Kata matawi, yaweke kivulini siku chache mpaka utomvu ukauke. Kisha yapande kwa mstari. Minyaa ni kijani mwaka mzima, na mbuzi hawaipendi. Lakini jihadhari! Utomvu wake huumiza macho vibaya. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati upesi. Watoto wasiuchezee.

Kivuli. Panda mkwaju. Hukua polepole, lakini wajukuu watakaa chini yake. Chimba shimo kabla ya mvua. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Mvua zikishika, panda mche. Zungushia kingo ya udongo ili maji yasikimbie. Tandaza nyasi kavu, ila zisiguse shina, maana huvuta mchwa.

Mboga. Panda mlonge. Ukifika kifuani, kata ncha ili utoe matawi mengi. Majani yake ni mboga. Mlenda nao huota wenyewe wakati wa mvua. Usiung'oe wote. Acha mashina machache yaangushe mbegu za mwakani. Mwingine uchume, uukaushe, uuweke akiba.

Mwaka wa kwanza miche bado ni mitoto. Inywesheni maji mliyooshea mboga. Mizizi ikizama chini, itajitafutia yenyewe.

Bustani hii haitang'aa kwa maua kila siku. Lakini Septemba ijayo utaona ua wa kijani, na chunguni mtakuwa na mboga.

Maswali
1. Kwa nini tunachimba shimo kabla ya mvua?
2. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, utafanya nini?
3. Kwa nini tusing'oe mlenda wote?

Kazi: Andika majina ya mimea mitatu ya kijijini kwako inayobaki kijani wakati wa kiangazi. Someni majina hayo darasani, mjadili faida zake.