SOMO: Malindi hadi Dubai ni masaa mangapi?

Ndugu wanakikundi, vijana wetu wengi huenda Dubai kutafuta kazi. Basi tujifunze kusoma tiketi.

Malindi hadi Nairobi kupitia Mombasa ni kama kilomita 600. Basi hula usiku mzima. Nairobi hadi Dubai ni karibu kilomita 3,500, lakini ndege huchukua masaa kama matano tu.

Tiketi ikisema 04.00, hiyo ni saa kumi alfajiri. Saa kumi jioni huandikwa 16.00. Ukikosea, ndege imeshakuacha na nauli imepotea! Fika uwanjani masaa matatu kabla.

Zoezi: Kuondoka Nairobi 16.00, kufika Dubai 22.00. Mbona si masaa sita? Kwa sababu saa ya Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja. Je, msafiri apande basi Malindi lini? Jadilianeni.