Somo la 9: Kupeleka Umeme Bandani

Banda la bustani lina taa ya wati 50 na pampu ya maji ya wati 1,100. Je, vifaa vipi vya umeme vitalifaa?

Kwanza, tafuta mkondo kwa kugawanya wati kwa volti. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Kwa hiyo, 1,150 ÷ 230 = ampea 5.

Pili, chagua waya na fyuzi. Waya uwezao kupitisha ampea 20 bila kupata moto utatosha. Fyuzi iwe ya ampea 10, yaani kubwa kuliko mkondo wa vyombo, lakini ndogo kuliko uwezo wa waya. Mkondo ukizidi, fyuzi itakatika kabla waya haujaungua. Atiaye msumari badala ya fyuzi amemfukuza mlinzi.

Lakini fyuzi hulinda waya, hailindi mwili. Mkondo ulio chini ya ampea 1 waweza kumwua mtu, na fyuzi isikatike. Ardhi ya bustani ina majimaji, hivyo hatari huzidi. Kwa sababu hiyo, weka pia swichi ya usalama, ambayo hujizima yenyewe umeme unaovuja ufikapo miliampea 30. Uwepo pia waya wa kupeleka umeme ardhini.

Tahadhari: Usifungue sanduku la umeme. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Maswali
1. Vyombo vya wati 2,070 huhitaji ampea ngapi?
2. Kwa nini fyuzi pekee haitoshi?