FUNDISHO: SIKU ZA MWAKA 2023 ZISIPOTEE



Wazee wetu hapa Buhavu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Ukimwuliza mama mzee alizaliwa lini, atakujibu, "Mbele ya Uhuru kidogo," au, "Mwaka ule askari wa Schramme walipoingia Bukavu," na wewe uliyesoma ndiwe utakayetafuta kwamba ni 1967. Sisi nasi tuna miaka yetu: mwaka wa wakimbizi, 1994; mwaka wa vita, 1996; mwaka wa tetemeko la Kalehe, mwezi wa kumi 2002. Na ukisema leo "mwaka wa maji", hakuna mtu wa pwani hii ya ziwa atakayekuuliza ni maji gani. Ni 2023.

Lakini jina la mwaka peke yake halitoshi. Jina linabaki midomoni, huku siku, saa, kijiji na majina ya watu vinapotea upesi, na vikiisha kupotea tunaanza kusema juu ya wafu wetu maneno yasiyo kweli. Ndiyo sababu tunaurudia mwaka ule, ingawa miaka imepita na vita vya 2025 vilivyopita hapa kwetu kuelekea Bukavu vimetuongezea siku nyingine za machozi.

Kwa taifa mwaka ule haukuanza vibaya. Mwanzo wa mwezi wa pili Papa Fransisko alikuwa Kinshasa, na kwa kuwa hakuweza kufika Goma kama ilivyopangwa kwanza, watu wa mashariki walioumizwa na vita walipelekwa kwake, akawasikiliza mmoja mmoja. Kisha tarehe 6 mwezi wa 4 nchi nzima ilipumzika, kwa mara ya kwanza, kwa ukumbusho wa kazi ya Simon Kimbangu. Tuitazame kidogo tarehe hii, maana ina fundisho ndani yake. Ni siku ya mwaka 1921 alipoanza kazi ya kuponya pale Nkamba. Kabla mwaka haujaisha Wabelgiji walikuwa wamemfunga na kumhukumu kifo. Mfalme wao akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, na nabii akafa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa 10, 1951. Serikali ya wakati ule haikuwa na haja ya kuitunza siku ile. Walioitunza ni watu maskini, wengi hawakujua kusoma, wengine walihamishwa mbali na kwao kwa ajili ya imani. Waliwaambia watoto, watoto wakawaambia wajukuu, hata baada ya miaka 102 siku ile ikawa sikukuu ya taifa.

Sasa tufike tarehe 4 mwezi wa 5.

Ilikuwa siku ya nne, Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mnajua soko lile: watu wa milimani wanashuka na maharagwe, mihogo na ndizi, watu wa Idjwi wanavuka na mitumbwi, wauza sambaza wako chini karibu na maji. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, udongo umeshiba. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, usiku wa kuamkia tarehe 3 mvua ilikuwa imeua watu zaidi ya 130, na habari ile ilisikika kwa radio. Lakini mtu mwenye watoto haachi kwenda soko kwa sababu ya habari ya ng'ambo.

Jioni mito ikashuka. Nasema ikashuka, sisemi ikajaa, maana maji hayakupanda polepole kama yanavyopanda mahali pa tambarare. Yalitoka juu pamoja na matope, miti mizima na mawe ambayo watu kumi hawawezi kuyasukuma. Bushushu na Nyamukubi zilipigwa karibu wakati mmoja. Nyumba zilikwenda na waliokuwamo, soko likaenda, barabara ya Bukavu na Goma ikakatika. Wengine walifunikwa na matope palepale, wengine wakapelekwa ziwani, na ziwa likawa linarudisha maiti siku kwa siku, nyingine upande wa Idjwi. Baada ya siku chache hesabu ya serikali ilipita wafu 400. Wasioonekana walitajwa kwa maelfu, na hesabu zile hazikupatana, maana siku ya soko nani anajua ni nani aliyekuja?

Tarehe 8, siku ya kwanza ya juma, ilikuwa siku ya maombolezo ya taifa. Kabla ya hapo wanakijiji na vijana wa Msalaba Mwekundu walikuwa wamekwisha kuchimba kwa majembe na kwa mikono. Waganga wa Panzi walifika kutibu waliovunjika. Haya tuyakumbuke pia. Si haki kukumbuka matope na kuwasahau waliochimba. Lakini watu wengi walizikwa pamoja katika shimo moja, upesi, bila sanduku, na wengi bila jina kuandikwa. Sababu inajulikana, miili ilikuwa mingi na jua lilikuwa kali. Hata hivyo kwetu mtu huzikwa na jina lake, na jambo hili bado linauma katika nyumba nyingi.

Matope yalikuwa hayajakauka, na maneno yakaanza. Wengine walisema Nyamukubi imeadhibiwa kwa ajili ya pombe na uasherati wa soko. Wengine wakaanza kutafuta mchawi aliyeifunga mvua na kuifungua. Wapenzi, Luka sura ya 13 inatuonyesha Bwana akiulizwa habari kama hizi. Yeye mwenyewe akataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wabaya kupita wengine wote wa Yerusalemu. Na hakungoja wajibu. Alijibu mwenyewe kwamba sivyo. Kama ni sivyo kwa watu 18, itakuwaje ndiyo kwa watu zaidi ya 400? Mtoto wa miezi mitatu aliyekuwa mgongoni mwa mama yake Bushushu alikuwa amekunywa pombe gani?

Neno hili linatugusa sisi mbele ya wengine, maana sisi ni kanisa linaloamini unabii. Mwaka 2021, hapa Kivu ya Kusini, na katika teritware yetu ya Kalehe pia, akina mama wazee waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya kuonyeshwa kidole na wale wanaoitwa bajakazi. Yule aliyeonyesha kidole alisema ameona. Basi mtu akisimama katikati yetu akasema ameona ni nani aliyeleta maji ya 2023, wazee wa kanisa wamnyamazishe, tena hadharani. Roho hasemi kinyume cha Bwana aliyejibu juu ya Siloamu.

Na kama si laana, ni nini? Tazameni mahali penyewe. Milima yetu inasimama juu ya ziwa kama ukuta. Zamani ilikuwa na miti. Miti imekuwa makala na mbao, na mashamba yamepanda hata mahali ambapo mwenye kulima anajishika kwa mkono mmoja. Mvua ikipiga udongo ule ulio wazi, udongo unatoka na kushuka bondeni. Pale chini, mto unapotoka mlimani na kulikaribia ziwa, kuna kipande cha tambarare, kizuri, chenye udongo mweusi. Hapo ndipo tulipojenga, na soko hapo. Lakini tambarare ile imetoka wapi? Ni mto ulioileta. Kila kipande cha udongo ule mzuri kilishuka katika mafuriko ya zamani, na mto haujasahau njia yake.

Hata mafuriko yenyewe hayakuwa ya kwanza. Mwezi wa kumi 2014 mito ya upande huu huu ilishuka ikaua makumi ya watu. Kati ya 2014 na 2023 ni miaka chini ya tisa tu! Katika miaka ile watu walikuja wakijificha vita vya milimani, wakatafuta kiwanja, wakauziwa karibu na mto. Nani aliwaambia? Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Waisraeli waliweka mawe 12 baada ya kuvuka Yordani, ili siku moja mtoto aulize ni ya nini, na baba awe na la kujibu. Hapa kwetu mawe yaliletwa na mto wenyewe mwaka 2014, na hatukumwambia mgeni yana maana gani. Ni afadhali kanisa litie alama ya rangi ukutani mahali maji yalipofika, na tarehe kando yake, kuliko kuhubiri mara kumi juu ya siku za mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawakulisikia. Mwezi wa sita wa mwaka uleule wataalamu wa kundi liitwalo World Weather Attribution walitaka kujua kama mvua ile ya Rwanda na ya Kalehe iliongezwa na mabadiliko ya hali ya hewa ya dunia. Kazi yao ni hiyo, na katika nchi nyingi wanapata jibu. Juu ya kwetu walisema hawawezi kujibu, kwa kuwa hesabu za mvua zilizoandikwa ni chache mno. Watu zaidi ya 400 wamekufa kwa mvua, na hakuna daftari la kutosha la mvua!

Kupima mvua si kazi ya wazungu wala ya wenye diploma. Chukua kopo lenye ukuta ulionyooka, lisilopanuka juu. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kila asubuhi saa moja pima maji kwa rula, andika tarehe na milimeta, kisha mwaga. Milimeta moja ni litre moja juu ya kila metre moja ya mraba. Kwa hiyo ukipata milimeta 50, ujue kiwanja cha metre 10 kwa 10 kimepokea litre 5,000, ni mapipa makubwa 25. Hesabu hiyo kwa mlima mzima. Kijana wa shule anaweza kazi hii, na akiona kopo limejaa siku tatu mfululizo ana neno la kumwambia chifu kabla ya siku ya soko.

Mwisho wa mwaka ule tunaujua. Tarehe 20 mwezi wa 12 ilikuwa siku ya kupiga kura, na watu walisimama mistari mirefu tangu asubuhi. Baada ya Noeli mvua ikaua tena, safari hii Bukavu na Burhinyi. Redio zilisema habari ile siku mbili tatu, kisha zikarudia matokeo ya kura.

Basi kila paroasi ifungue daftari la mwaka 2023, hata kama ni la kurasa 32. Hatutaki hadithi ndefu. Jina la mtu, jina la baba au la mama yake, kijiji alichotoka, na mahali alipoonekana mara ya mwisho tarehe 4 mwezi wa 5: sokoni, njiani, nyumbani, mtumbwini. Wasio wa kanisa letu waandikwe vilevile, na wageni wa Idjwi pia, maana ng'ambo kuna mama ambaye mpaka leo hajui kama mwanawe alifika soko au alirudi katikati ya ziwa. Kama jina halijulikani, iandikwe nguo aliyovaa, au mzigo alioubeba. Majina yaletwe kwa shemasi wa paroasi baada ya ibada. Asiyejua kuandika aje aseme, shemasi ataandika, kisha atamsomea yaliyoandikwa ili ahakikishe jina limetajwa vizuri.