"Borrow" au "Lend"? Kiulize Kiswahili Chako

Wanaojifunza Kiingereza huambiwa kila mara waache kufikiri kwa Kiswahili. Mimi nashauri kinyume chake, hasa kwa yale maneno yanayokaribiana maana ambayo huwachanganya watu hadi maofisini. Ukikitumia vizuri, Kiswahili kitakuonyesha kosa kabla bosi wako hajaliona.

Chukua "say" na "tell". Ukikariri kwamba yote mawili ni kusema, umeshapotea. "Say" ni kusema. "Tell" ni kuambia. Na kuambia hakusimami bila mtu wa kuambiwa: hakuna anayesema "aliambia kuwa atachelewa", lazima iwe "aliniambia" au "alimwambia". "Tell" iko hivyohivyo, ndiyo maana "he told that he would be late" inapwaya mpaka uongeze "me" au "her". Kwa upande wa pili, anayeandika "he said me" ameandika "alinisema", na kwetu kusemwa ni kusengenywa au kukaripiwa. Ukitaka kumtaja mtu baada ya "say", tanguliza "to". Yapo mafungu machache ambayo "tell" haidai mtu, kama "tell a lie" na "tell the truth". Hayo yakariri tu.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa "steal" na "rob". Baada ya "steal" hutajwa kitu kilichoibwa. Baada ya "rob" hutajwa aliyeibiwa, au mahali palipoibiwa, kama benki. Mtu anayeripoti polisi kwa kuandika "they stole me" ameandika "waliniiba", yaani yeye mwenyewe ndiye aliyebebwa! Alikusudia "waliniibia". Basi aandike "they robbed me", au "they stole my phone".

Kwenye "borrow" na "lend" Kiswahili chenyewe kina mtego, kwa sababu kuazima hubeba pande zote mbili: anayeomba kalamu anaazima, na anayeitoa naye anaazima. Hapo ndipo inapozaliwa "borrow me your pen". Weka pesa mahali pa kalamu, utapata kukopa na kukopesha, na utata unaisha. Kukopa ni "borrow", unakopa "from" mtu. Kukopesha ni "lend", unamkopesha "to" mtu. "Nikopeshe" ni "lend me", daima.

Kwa "put on" na "wear", sikiliza anavaa na amevaa. Shahidi anayeandika "the man was putting on a black jacket" anasema alimkuta mtu huyo akivaa koti, mkono mmoja umeingia na mwingine bado. Kama koti lilikuwa tayari mwilini, ni "was wearing". Katika maelezo ya polisi, tofauti hiyo ina uzito.

Lakini kuna mahali Kiswahili hakikusaidii. Mkono wetu ni mmoja. Wao wana "arm", kuanzia begani, na "hand", kiganja na vidole vyake. Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Hapo hakuna mbinu ila kukariri, na kwenye fomu ya hospitali usikisie.

Ukiweza, tafuta kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha. Ya A. S. Hornby, inayochapishwa na Oxford, ilitungwa alipokuwa akifundisha Kiingereza nchini Japani na ikatoka huko kwa mara ya kwanza mwaka 1942. Faida yake kubwa ni sentensi za mfano, maana zinakuonyesha neno linaandamana na nini. Zisome hizo kabla ya maana.

Ukikutana na jozi mpya, usiandike tafsiri peke yake daftarini. Andika sentensi mbili zenye majina ya watu unaowajua, kisha zisome kwa Kiswahili, neno kwa neno. Ikigoma kwa Kiswahili, ikague upya kabla hujaituma.