USALAMA NA AFYA: Mstari mwekundu wa dhahabu



Hapa Rughenda tunakijua kipimo cha malaria: tone la damu, mistari miwili, basi mtoto ana malaria. Kipimo cha dawa za kulevya katika mkojo kinafanana nacho, lakini husomwa kinyume. Mistari miwili: dawa haikuonekana. Mstari wa uhakikisho peke yake: dawa imeonekana. Mstari huo ukikosa, kipimo kimeharibika, kitupeni.

Kwa nini kinyume? Rangi ile nyekundu ni dhahabu, ndiyo, dhahabu kama ya Manguredjipa, lakini imefanywa chembe ndogo mno. Chembe kama 25 000 zikipangwa msitari mmoja zinafika milimeta 1 tu, na kwa udogo huo haing'ai tena manjano. Kila chembe imebeba kingamwili ya kukamata dawa fulani. Mkojo ukiwa safi, chembe zinanaswa na mstari unatokea. Dawa ikiwamo, imekwisha kuzishika kingamwili. Chembe zinapita na mstari hautokei.

Sasa angalieni. Dawa ya kikohozi yenye kodeini yaweza kuleta jibu la morfini. Bangi hukaa mkojoni siku nyingi, kwa hiyo kipimo hakisemi kama mtu amelewa leo. Tramadol, ambayo wengine humeza wasisikie uchovu shimoni, haionekani katika kipimo cha morfini, ina chake. Basi kapita asimfukuze mtu kwa kipimo hiki peke yake. Kabla ya kupimwa, mwambie mganga dawa zote ulizomeza, na mkojo uleule upelekwe labo kuhakikishwa.